Uzi: Mafundisho ya Budha yalivyoingia kwenye muziki, video, jikoni na hospitalini

Mchongoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ubudha ukitajwa mitandaoni, mazungumzo huishia kwenye filamu za kung fu au ile sanamu ya mtu mnene anayecheka kwenye maduka ya Wachina. Yule mnene si Siddhartha Gautama hata kidogo. Ni Budai, mtawa wa Kichina wa masimulizi ya watu. Leo nataka tuzungumze upande ambao hauguswi sana: jinsi mafundisho haya yalivyobadilisha sanaa katika kipindi cha miaka 70 hivi iliyopita, na yalivyopenya kwenye mambo ya kila siku kama kupika, kuosha vyombo na kuishi na maumivu ya mwili.

Mimi si Mbudha. Ni mtu wa sanaa, na kila nikichimba kazi ninazozipenda, chini yake nakutana na mafundisho haya.

Ninachoshikilia ni hiki: Ubudha haukuwapa wasanii wa leo picha za kuchora, uliwapa namna ya kufanya kazi. Msanii anajiondoa katikati, mtazamaji anabaki uso kwa uso na kitu chenyewe. Na popote mafundisho haya yalipobebwa nusu, yakaachwa yale yanayohusu kutowadhuru wengine, yamegeuka kitu kingine kabisa.

Historia kwa ufupi, kwa wasiojua. Gautama aliishi kaskazini ya India na eneo ambalo leo ni Nepal, takriban karne ya 5 kabla ya Kristo. Alifundisha kwamba maisha yana taabu, kwamba taabu hiyo inatokana na uchu na kung'ang'ania vitu visivyodumu, kwamba inaweza kukoma, na kwamba ipo njia ya kuikomesha. Njia hiyo ina sehemu nane. Ya saba ni umakini, yaani akili kuwa palepale mwili ulipo, na hiyo ndiyo dunia imeipenda. Nyingine ni pamoja na kusema kweli, kutenda mema na kutafuta riziki isiyomdhuru mtu. Hizo ndizo zinazosahaulika.

Jambo moja la zamani kabla sijafika karne ya 20. Kwenye malango ya mawe ya Sanchi, India ya kati, yaliyochongwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kuna michongo ya maisha ya Budha, lakini yeye mwenyewe haonekani kwa umbo la mtu. Utaona mti, nyayo, gurudumu, au kiti kitupu ambacho watu wamekizunguka kwa heshima. Sanamu za uso wake ambazo sisi tunazifahamu zilikuja baadaye. Sanaa hii ilianza na kiti kisicho na mtu, na mimi nadhani wasanii wa karne ya 20 walikirudia kiti hicho bila hata kujua.

Tukae kwanza na kazi moja.

Tarehe 29 Agosti 1952, mpiga piano David Tudor alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa Maverick, Woodstock, jimbo la New York. Ni ukumbi wa mbao uliozungukwa na msitu. Tudor alikaa, akaweka karatasi za noti mbele yake na saa ya kupimia muda, akafunga kifuniko cha piano. Hakubonyeza hata kitufe kimoja. Sekunde 33 zilipotimia akakifungua, sehemu ya kwanza ikawa imekwisha. Akakifunga tena kwa dakika 2 na sekunde 40. Akafungua. Akafunga mara ya tatu kwa dakika 1 na sekunde 20, kisha akainuka. Jumla ni dakika 4 na sekunde 33, na kazi hiyo ya mtunzi John Cage inaitwa hivyohivyo, 4′33″.

Watu walikasirika. Cage mwenyewe alisimulia baadaye walichokikosa: katika sehemu ya kwanza upepo ulisikika nje, katika ya pili matone ya mvua yakaanza kugonga paa, na katika ya tatu wasikilizaji wenyewe walikuwa wakinong'ona na kutoka nje.

Aliyafikiaje haya? Mwaka 1951 aliingia kwenye chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichojengwa kisiwe na mwangwi wala sauti yoyote kutoka nje. Akasikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito. Fundi wa chumba akamwambia ile nyembamba ni mishipa yake ya fahamu na ile nzito ni damu yake ikizunguka. Cage akatoka na hitimisho kwamba kimya kamili hakipo maadamu mtu yu hai. Kilichopo ni sauti tusizozikusudia. Mwaka huohuo rafiki yake Robert Rauschenberg alikuwa amepaka turubai rangi nyeupe tupu, na Cage akaona vivuli vya watu na vumbi vikitua juu yake. Wazo la kipande cha kimya alikuwa nalo tangu 1948, lakini aliogopa watu wangelidhani ni mzaha. Zile turubai ndizo zilizompa ujasiri.

Na nyuma ya yote alikuwapo mzee mmoja wa Kijapani, D. T. Suzuki, aliyezaliwa 1870. Katika miaka ya 1950 alifundisha Ubudha wa Zen, tawi linalotilia mkazo kukaa kwenye tafakuri, kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wasanii walijazana darasani kwake. Cage alikuwa mmoja wao. Alichotoka nacho ni kwamba mtunzi aache kuzilazimisha sauti zifuate mapendeleo yake, aziache ziwe zenyewe. Katika miaka hiyohiyo alitumia bahati nasibu ya sarafu kuamua noti ipi ifuate, akitumia kitabu cha kale cha Kichina ambacho si cha Kibudha, na hilo lisemwe wazi ili tusiupe Ubudha kila kitu. Cage naye alikuwa mwangalifu: aliandika kwamba hataki Zen ilaumiwe kwa alichofanya, ingawa bila Zen alitilia shaka kama angekifanya.

Naendelea kwenye posti inayofuata.

Mpiga Besi

Mkuu Mchongoma, nimekusoma mpaka mwisho na heshima zote, ila mimi ni mwanamuziki wa bendi na hili la piano iliyofungwa linaniuma. Watu wanalipa kiingilio, mtu anakaa tu, eti sanaa. Sisi huku ukikosea noti moja unatafutwa. Huyo Cage kazi yake iko wapi hapo?

Mchongoma

Ndugu Mpiga Besi, hoja yako ni ya haki, na wewe unaijua jasho yake.

Tazama upande wa pili. Alipoandika kipande hicho Cage hakuwa mtu asiyeweza kupiga. Alikuwa ametunga kwa miaka mingi, hasa muziki wa ngoma na wa piano iliyochomekwa misumari na mpira kwenye nyuzi. Alikuwa na njia rahisi ya kuendelea kupigiwa makofi, akaiacha. Kazi yake katika 4′33″ ni kuweka mipaka: inaanzia hapa, inaishia hapa, na katikati sikio ni lako. Wewe mwenyewe ukiwa jukwaani, ukiacha besi kwa mpigo mmoja kabla ya kiitikio kurudi, ukumbi mzima unasogea mbele. Cage alichukua ule mpigo mmoja akaupa dakika nne na nusu.

Nakubali kwamba kwa msikilizaji asiyeandaliwa ni jambo gumu. Nisingependa kila tamasha liwe hivyo. Lakini baada ya kipande kile, wasanii wengi walipata ruhusa ya kutomfanyia mtazamaji kila kitu.

Mchongoma

Tuendelee. Kyoto kuna hekalu la Zen liitwalo Ryoanji, lenye bustani ambayo watu wengi hutafuta maua ndani yake na hawayaoni. Ni uwanja wa mstatili, changarawe nyeupe iliyochorwa mistari kwa reki, na mawe 15 yaliyowekwa kwa mafungu, kila fungu na kuvumwani ya kijani chini yake. Aliyeyapanga aliyapanga kwa namna kwamba ukikaa popote kwenye baraza, daima kuna angalau jiwe moja lililojificha nyuma ya jingine. Unahama, lile linatokea, jingine linapotea. Ukuta wa udongo ulio nyuma umejaa madoa, na hakuna anayeupaka chokaa uwe mpya. Watu huutazama kwa heshima ileile wanayoyapa mawe. Bustani haikwambii chochote. Inakufanya utambue kwamba pale ulipokaa huoni kila kitu, na kwamba aliyekaa pembeni yako anaona jingine.

Cage alifika hapo 1962, na kuanzia 1983 akaanza michoro kwa penseli kwa kuzungusha mistari kwenye mawe 15, na pia muziki wenye jina la bustani hiyo.

Aliyemfuata kwa karibu ni Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, aliyekutana na Cage Ujerumani 1958. Paik aliwahi kuonyesha filamu isiyo na picha: utepe mtupu tu unapita kwenye mashine, na kila unapoonyeshwa unaongeza vumbi na mikwaruzo, na hiyo mikwaruzo ndiyo hadithi yake. Lakini kazi ninayoirudia mara nyingi ni ya 1974. Sanamu ya kale ya Budha imekaa mezani mbele ya televisheni. Nyuma ya televisheni kuna kamera inayompiga Budha moja kwa moja, na picha yake inaonekana kwenye kioo kilicho mbele yake. Anajitazama. Hana haraka. Mtazamaji akiinama kuchungulia, naye anaingia kwenye kioo. Hapo hakuna simu za mkononi bado, na tayari mtu amejiona kwenye kioo na hawezi kuondoa macho. Nikiiangalia leo, najiuliza tu yule Budha anaona nini ambacho sisi hatuoni tunapojipiga picha.

Kuna nyingine ambayo sisi Waafrika tuna sehemu yetu ndani yake. Kati ya 1999 na 2001 msanii wa Korea, Kimsooja, alisimama katikati ya mitaa yenye msongamano kwenye miji minane: Tokyo, Shanghai, Delhi, New York, Mexico City, Cairo, Lagos na London. Kamera iko nyuma yake. Tunachoona ni mgongo, nguo nyeusi, nywele zimefungwa nyuma, na yeye hasogei kabisa. Umati unamjia kutoka mbele na kumpita pande zote. Video hazina sauti. Tokyo watu wanapita kana kwamba hayupo. Lagos ni tofauti: watu wanageuka, wanasimama, wanamtazama, wanashangaa wazi bila kuona haya. Yeye ametulia tu, na kwa sababu ametulia sisi tunaona watu, uso mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo kamera inayokimbia isingetupa. Alirudia kazi hiyo 2005 kwenye miji iliyokuwa na majeraha ya vita au umaskini, N'Djamena ya Chad ikiwemo.

Bi Mkunazi

Asante kwa uzi, kaka. Nimeitafuta hiyo ya Lagos nikaitazama, nikajikuta natazama wale watu wanaomtazama yeye, kumbe ndiyo yenyewe. Swali langu: hawa wote ni Wamarekani na Waasia waliohamia huko kwao. Nchi zenyewe za Kibudha hazina wasanii wa leo?

Mchongoma

Dada Bi Mkunazi, swali zuri, na nilikuwa naliendea.

Mtafute Montien Boonma wa Thailand, 1953 hadi 2000. Huyu hakusoma Ubudha kwa Suzuki. Alizaliwa ndani yake. Mke wake aliugua saratani na kufariki 1994, na katika miaka ya kumuuguza walizunguka mahekalu na waganga pamoja na hospitali. Kazi zake za miaka hiyo zimejaa dawa za miti shamba. Aliipaka nyumba za sanaa dawa hizo kutani, akatundika maelfu ya mafundo ya mitishamba kwenye nyuzi kutoka juu, na mtu akiingia harufu inamfikia kabla ya macho. Unapumua kazi yake. Anayeijua harufu ya chumba cha mgonjwa anayetibiwa nyumbani hahitaji maelezo ya mtaalamu. Boonma naye alikufa kwa saratani, akiwa na miaka 47.

Hapa utaona tofauti na Wamarekani. Kwa Cage fundisho linalobeba mzigo ni kuyaacha mapendeleo. Kwa Boonma ni lile la mwanzo kabisa: taabu, ugonjwa, kifo, na mtu afanye nini mbele yake.

Nimtaje na Wolfgang Laib, Mjerumani aliyesomea udaktari akamaliza, kisha akaacha. Tangu 1975 anatengeneza bamba la marumaru nyeupe lililochimbwa kidogo sana juu yake, kiasi ambacho hukioni, halafu anamimina maziwa mpaka ukingoni. Ukitazama unadhani ni jiwe zima. Maziwa yanachacha, kwa hiyo kila siku lazima yamwagwe, jiwe lisafishwe, yamiminwe mengine. Siku ya kwanza hufanya Laib. Siku zinazofuata hufanya wahudumu wa makumbusho. Mimi huona kwamba kazi iko kwenye mikono ya yule mhudumu wa asubuhi, mwenye ndoo na kitambaa, anayejaza polepole ili isimwagike. Laib hachoti Ubudha peke yake. Amependa pia mashairi ya Rumi, yule Muislamu wa Kisufi.

Abu Saumu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasoma kwa makini. Umemtaja Maulana Rumi nikaona niulize. Mimi ni Muislamu na sina nia ya kubadili dini. Mke wangu ameshauriwa na daktari afanye mazoezi ya kukaa kimya na kufuata pumzi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Je, hiyo si ibada ya Kibudha iliyofunikwa?

Mchongoma

Wa alaykum salaam, sheikh wangu. Upande wa hukumu ya dini muulize mwanachuoni unayemwamini, mimi sina elimu hiyo. Ninachoweza ni kukueleza mazoezi yenyewe yalikotoka.

Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alifungua kliniki kwenye chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Yeye alikuwa amejifunza kwa walimu wa Zen. Wagonjwa aliopelekewa ni wale ambao madaktari walikuwa wamefikia ukomo nao: maumivu ya mgongo, ya kichwa, ya miaka. Akatengeneza programu ya majuma 8 na kwa makusudi akaondoa sanamu, sala, viapo na majina ya Kibudha. Zoezi moja linalojulikana sana ni la kula zabibu kavu moja. Unaiweka kiganjani, unaitazama mikunjo yake, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, halafu unatafuna polepole. Basi. Kwa maumivu, mgonjwa hafundishwi kuyakataa wala kujifanya hayapo. Anafundishwa kuyatenganisha maumivu yenyewe na hofu na hasira zinazojirundika juu yake. Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba kwa huduma ya afya ya taifa imependekeza tiba ya aina hiyo tangu 2004 kwa watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara.

Kwa hiyo asili yake ni ya Kibudha, na daktari wa mkeo hatakuficha kitu ukimuuliza. Kilichobaki ni zoezi la kiafya. Mpe pole shemeji.

Muuguzi wa Zamu

Naongezea kidogo hapo. Mimi ni muuguzi wodi ya wanawake. Tulifundishwa kwenye semina kwamba kabla ya kuingia kwa mgonjwa mwingine, ule muda wa kunawa mikono usiutumie kuwaza faili, unawe tu: maji, sabuni, vidole, kucha. Nafanya hivyo. Mgonjwa wa mwisho wa zamu sasa namkuta nikiwa bado mtu. Ila nina neno, samahani. Wakubwa wetu waliichukua semina hiyo kama jibu la kila kitu. Wodi ina vitanda vingi na wauguzi hawatoshi, ukilalamika unaambiwa uvute pumzi. Hapo ndipo ninapokwama.

Mchongoma

Dada Muuguzi, umegusa kiini cha uzi huu kuliko nilivyokigusa mimi.

Hapo ndipo nilipotaka mkumbuke zile sehemu nane. Umakini ni wa saba, na haukufundishwa peke yake. Ulikaa pamoja na kutenda haki na kupata riziki isiyodhuru. Ukimfundisha mfanyakazi kuvuta pumzi ili avumilie mzigo ambao wewe ndiye unayempa, umechukua chombo kilichotengenezwa kupunguza taabu ukakitumia kuifanya idumu. Walimu wa Kibudha wenyewe wamelilalamikia jambo hili, na wana haki.

Linganisha na Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyezaliwa 1926. Ndiye aliyewafundisha watu wengi wa Magharibi kuosha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, si kwa ajili ya kumaliza wakanywe chai. Kwenye jumuiya yake ya Plum Village, kusini-magharibi ya Ufaransa, aliyoianzisha 1982, kengele ikilia au simu ikiita kila mtu husimama alipo, hata mwenye kijiko mkononi, akapumua, kisha akaendelea. Ukiishia hapo utadhani ni mtu wa kutuliza watu tu. Lakini katika miaka ya 1960, mabomu yakianguka, alianzisha shule ya vijana waliokwenda vijijini kujenga upya nyumba, zahanati na madarasa yaliyobomolewa. Baadhi yao waliuawa. Yeye alikwenda Marekani 1966 kudai vita viishe, na nchi yake ikamfungia mlango kwa miongo. Martin Luther King alimpendekeza kwa Tuzo ya Amani ya Nobel 1967. Kwake pumzi ilikuwa ya kumwezesha mtu kubaki kwenye kazi ngumu ya kusaidia wengine bila chuki. Alifariki Januari 2022 kwenye hekalu alilojiunga nalo akiwa kijana, mjini Hue.

Kwa hiyo nawa mikono hivyohivyo, dada, na malalamiko ya vitanda uendelee nayo. Hayagongani.

Ngalawa

Mchongoma, tuwe wakweli. Unaongea habari za kutodhuru, na Myanmar je? Watawa wenye mavazi yaleyale walisimama majukwaani kuwachochea watu dhidi ya Warohingya, wale Waislamu walio wachache nchini humo. Au hao hawahesabiki?

Mchongoma

Wanahesabika, Ngalawa, na ni vizuri umesema. Mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh kwa sababu ya operesheni za jeshi la Myanmar, na kabla ya hapo mtawa Ashin Wirathu na wenzake walikuwa wamehubiri chuki kwa miaka. Japani nako wakati wa vita vya pili vya dunia viongozi wengi wa Zen waliunga mkono jeshi, na Suzuki mwenyewe maandishi yake ya kipindi hicho yanajadiliwa vikali hadi leo.

Mtu anaweza kukaa kimya saa nyingi kwa siku na bado akamchukia jirani yake. Ndiyo maana sikubali mtu anayesema umakini peke yake unatosha. Na siwezi kukwambia kwamba wale watawa si Wabudha wa kweli ili nijitoe kwa urahisi. Ni Wabudha, wamevaa nguo ya mwalimu wao, na wametenda kinyume cha amri ya kwanza kabisa aliyowapa wafuasi, ya kutoua.

Mama Ntilie wa Kona

Mimi kilichonileta ni neno jikoni kwenye kichwa cha uzi. Nimesubiri, sijaliona bado.

Mchongoma

Mama, shikamoo. Nimekucheleweshea, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kupita zote.

Mwaka 1223 mtawa kijana wa Kijapani, Dogen, alivuka bahari kwenda China kutafuta mwalimu. Siku moja kwenye monasteri ya mlima Tiantong alikuwa anapita ukumbini baada ya chakula cha mchana, akamwona mzee akianika uyoga uani. Jua la mchana, sakafu ya uwanja inachoma, mzee ana fimbo ya mwanzi mkononi, kichwani hana kofia, jasho linamtoka, mgongo umepinda, nyusi nyeupe. Alikuwa mpishi mkuu wa monasteri. Dogen akamuuliza umri, akaambiwa miaka 68. Akamuuliza kwa nini hamtumi msaidizi. Mzee akajibu kwamba wengine si yeye. Dogen akasema, ni kweli baba, lakini jua kali hivi, kwa nini sasa? Mzee akamjibu: nisipofanya sasa, nitafanya lini?

Dogen akanyamaza. Aliporudi Japani aliandika mwongozo mzima kwa wapishi wa monasteri, mwaka 1237. Humo anaeleza namna ya kuchambua mchele: ukitazama mchanga uuone na mchele, ukitazama mchele uuone na mchanga, punje isipotee. Anasema mpishi akipewa majani duni asiyadharau, na akipewa vyakula vya gharama asishangilie. Mkono uwe uleule. Na anaiweka kazi ya mpishi sawa na ya wanaokaa kwenye tafakuri ukumbini, wakati ambapo watawa wengi waliiona ni kazi ya chini.

Kutoka mikondo hiyo ndiko kulikokuja pia utaratibu wa kuandaa na kunywa chai wa Sen no Rikyu, bingwa wa chai wa Japani wa karne ya 16, aliyetumia vikombe vizito visivyolingana badala ya vyombo vya kifahari, na vyumba vya chai vyenye mlango mdogo kiasi kwamba kila mgeni lazima aingie kwa kutambaa. Askari mwenye upanga aliuacha nje.

Mama Ntilie wa Kona

Marahaba mwanangu. Huyo mzee wa uyoga namwelewa. Mchele ukiuchambua na mawazo yako mbali, mteja anavunja jino.

Bi Mkunazi

Swali la mwisho kaka. Je, huku kwetu Afrika Mashariki hawa watu wapo? Mtu akitaka kuona kwa macho yake?

Mchongoma

Wapo, dada. Dar es Salaam kuna hekalu Upanga, lililotokana na Wasinhala kutoka Sri Lanka waliofika mapema katika karne ya 20, na uani kuna mti wa jamii ileile ya mtini ambao Budha alikaa chini yake. Uganda kuna kituo karibu na Entebbe kilichoanzishwa 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana huko na watawa, na akapewa daraja la utawa Marekani 2002. Huyo amerudi na mafundisho hayo kwa watu wa kwao, kwa hiyo ukimsikiliza husikii mgeni.

Ukienda mahali kama hapo, vua viatu mlangoni, vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, usikae umeelekeza nyayo kwenye sanamu, na uulize kabla ya kupiga picha. Piga simu kwanza ujue siku za mafunzo. Na kama humu kuna mtu wa Kampala au Entebbe aliyewahi kuhudhuria, aje aongezee alichokiona, uzi bado uko wazi.